Kipande cha Kujaribia Pasi

Kyungu,

Mama yako ameniomba nikuandikie kwa upole. Anasema mtoto hasindikizwi kwa makaripio. Nimejaribu, nikachana karatasi ya kwanza, maana upole wake haukuwa wangu na ungejua mara moja kwamba kuna mtu alinishika mkono. Basi isome hii jinsi ilivyo. Nitakupa kesho tukifika kwenye mabasi, kabla hujapanda. Nimekasirika tangu mchana, na kadiri watu wanavyocheka huko uani ndivyo hasira inavyozidi kunipanda.

Mambo ya sweta, ya unga, ya mahali pa kuficha pasipoti mpakani Kasumbalesa, mama yako ameyamaliza, na kesho atayarudia mpaka basi liondoke. Mimi siyagusi. Nina neno moja tu, lile ulilolisema leo mbele ya watu wote. Ulisema "ndiyo".

Baba yako mkubwa Banze ametoka Mitwaba kwa barabara ile mbovu, na kuku mkononi, kusudi akubariki. Wala hakuweza kukubariki peke yako. Ninyi ni mapasa, pacha wa tumbo moja, na mapasa hawapewi kitu mmoja mmoja. Akakukalisha wewe na Kabange kwenye mkeka mmoja, akawapaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwenye paji la uso. Aliposahau akapitisha kidole kwako mara ya pili, mama yako alimshika mkono akampeleka kwa Kabange ili hesabu iwe sawa, watu wakaangua kicheko. Mpaka hapo hata mimi nilicheka.

Ndipo akasema, kwa ile sauti yake ya kanisani:

"Kyungu, weye njo unaenda kule kwenye banatengeneza moyo ya bantu. Utengeneze ya Kabange. Uilete hapa, badaktari bamutie mu kifua. Unasikia?"

"Ndiyo, Baba Mukubwa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kabange alipiga makofi kuliko wote. Nilikutazama, wewe ukatazama mkeka.

Kyungu, wewe unajua, na mimi najua, kwamba hakuna moyo utakaoletwa. Kwa nini ulisema ndiyo?

Nitakwambia kwa nini damu ilinichemka. Asubuhi, wakati ninyi mko sokoni, nilikuwa namalizia mabegi yenu. Mabegi mawili, kitambaa kimoja, mifuko ya pembeni sawasawa, ingawa anayesafiri ni mmoja. Kabange alinitania wiki nzima: "Papa, na miye begi yangu nitaenda nayo wapi? Mpaka mu salon ya hapa nyumba?" Nilikuwa nimebakiza vifungo. Nikafungua lile kopo la maziwa tunamowekea vifungo vyeupe vya mashati, nikatia vidole, na nilichokitoa hakikuwa na matundu. Kilikuwa kidonge. Nikamwaga kopo lote juu ya meza ya kukatia. Nusu ya vilivyomwagika vilikuwa vidonge vya moyo vya ndugu yako.

Aliporudi nilimwita.

"Kabange, ni nini hii?"

"Dawa, Papa."

"Inatafuta nini mu bifungo?"

"Inapumuzika kidogo." Akacheka kile kicheko chake. Alipoona mimi sicheki, akakaa. "Papa, ile ya kwanza ilinigeuza macho manjano. Badaktari bakabadirisha. Hii nayo inanichokesha, naogopa itanikamata maini vile vile. Sasa Kyungu anaenda kuniletea moyo mupya. Donc ju ya nini niharibishe maini bure? Nangoja tu."

Nangoja tu! Nikafungua mdomo nimjibu, na papo hapo Banze akapiga hodi akituita mkekani. Nikaenda nikasimama na mama yako, vidonge vikiwa mfukoni mwangu, nikijiambia kwamba wewe mwenyewe utasema neno la kweli, wewe uliyesoma, wewe unayempenda kuliko sisi sote. Ukasema ndiyo.

Daktari alitueleza wote wanne, tukiwa tumebanana kwenye kile chumba chake. Nyama ya moyo wa Kabange imelegea. Dawa haiponyi, inaushika tu usizidi kulegea, na akiiacha hatajisikia vibaya leo wala kesho, lakini moyo utakuwa unaporomoka kimya kimya. Ndivyo alivyosema. Na sasa hivi ninapoandika, Kabange yuko uani anacheza muziki na shangazi zako, amekunywa bia moja, na anajiona amepona kwa sababu hamezi chochote.

Sikuandikii kwa sababu mimi ni mjuzi. Tangu mzaliwe hakuna anayeniita kwa jina langu, mimi ni Shamapasa, baba wa mapacha, na sheria ya mapasa nilipewa siku ile ile watu walipokuja kutuimbia zile nyimbo zao za matusi mlangoni, kama desturi. Akipata huyu, apate na yule. Nguo, sahani, hata kofi: aliyekosa akichapwa, mwenzake naye aguswe kidogo asione wivu. Na habari vile vile. Neno likiambiwa mmoja liambiwe na wa pili siku hiyo hiyo, maana ukimficha mmoja unawatenganisha, na waliotenganishwa, mmoja wao hunyauka. Niliishika sheria hiyo kuliko hata katekisimu. Majirani walinisifu. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Hadithi ya sirapu unaijua, mama yako huisimulia kwenye kila sherehe na watu hucheka. Mimi sijawahi kucheka. Kabange alikuwa mdogo, kifua kinalia usiku na mchana, na pale zahanati wakatupa chupa ya sirapu, dawa ya kunywa. Tukafika nyumbani tukafanya kama tulivyofanya siku zote: kijiko chake tukakigawa, nusu yeye, nusu wewe, wewe ambaye ulikuwa unaruka kamba barazani. Chupa ikaisha. Yeye akazidi. Tuliporudi, muuguzi akauliza:

"Papa, hapa mugonjwa iko nani?"

"Huyu, Kabange."

"Na huyu mwingine alikunywa ju ya nini?"

"Ni mapasa, Mama."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeingia sebuleni. "Ugonjwa haikubagawanyia nusu-nusu, Papa. Weye njo uligawanya dawa."

Nilimkasirikia njia nzima, nikamwambia mama yako kwamba yule mwanamke hana adabu kwa mila za watu. Ilinichukua miaka mingi kumkasirikia mtu anayestahili. Kabange alipoanza kuhema akipanda ngazi, nilimuuliza daktari pembeni kama ni ile sirapu. Akasema pengine hapana, hakuna awezaye kujua. Nalala na hiyo "pengine hapana" mpaka leo.

Mlikaa tumbo moja, Kyungu, na hata humo hamkugawiwa sawa. Wewe ulipata moyo wa kupanda ngazi, yeye akapata wa kukaa kwenye ngazi. Usawa tulioujua sisi ni wa sahani na nguo. Miili haikuulizwa. Nani wa kulaumiwa? Sioni mtu. Ingekuwa heri nimwone, maana hasira isiyo na mwenyewe huzunguka nyumbani na kumwangukia yeyote, na leo imekuangukia wewe.

Siku ulipopata ile nafasi ya kusoma Afrika ya Kusini, nilikuwa hapa kwenye cherehani na kitambaa kimoja kinachong'aa, cha mteja, sijui kimefumwa kwa nini. Nikakuuliza unakwenda kufanya kazi gani hasa. Wewe hukunijibu, ukaniuliza:

"Papa, mbele ya kupiga pasi kwa kitambaa yenye haujue, unafanyaka nini?"

"Nakata kipande kwa pindo, najaribu pale kwanza."

"Kipande ya kitambaa ingine iko bien?"

"Hapana. Lazima ya ile ile."

"Njo vile."

Ukanieleza taratibu. Mtu anatolewa damu kidogo. Chembe hai zake zinarudishwa nyuma, mpaka zinakuwa kama za mtoto asiyezaliwa, kabla hazijachagua kazi. Hizo ndizo unazoziita seli shina. Kisha zinalishwa kwa uvumilivu, hizi zigeuke nyama ya moyo, hizi ini, hizi ubongo, vipande vidogo kama punje ya dengu. Halafu dawa inadondoshewa kipande, siyo mtu. Kama kipande cha moyo kinatulia na kipande cha ini hakifi, mnajua dawa hiyo huenda ikamfaa mwenye damu yake. Kikiungua, kimeungua kipande. Kitambaa kizima bado kiko mezani.

Nilielewa. Nilielewa hata kwa nini ulichagua kazi hiyo, maana ndiyo shida ya Kabange yenyewe: dawa inayomshika moyo inamchoma ini, na daktari wake hana pa kujaribia ila ndani ya Kabange mwenyewe. Nilijivuna mpaka nikaunguza mkono wa gauni la yule mteja. Lakini nusu ya pili ya fumbo lako niliiruka, nami ni fundi, nilipaswa kuwa wa kwanza kuiona. Hakuna mtu anayevaa kipande cha majaribio.

Jioni ile ile alikuja mama mmoja kuchukua sketi yake, nikamwambia, "Binti yangu anaenda kutengeneza mioyo." Sikusema vipande. Kipande hakimpi baba sifa. Nikapiga chuku, kesho yake nikaongeza, nikapiga na simu Mitwaba. Kwa hiyo maneno aliyoyasema Banze leo mkekani ni yangu mimi mwenyewe, yamerudi nyumbani na kuku.

Na wewe ukamalizia kwa ile video ya kipande cha moyo. Sikulaumu kwa kuionyesha, hata mimi niliiomba mara tatu. Kitu kidogo ndani ya kisahani cha kioo, kinadunda, kinatulia, kinadunda, kama kope ya jicho inayocheza. Majirani wakapanga foleni kwenye simu yako. Kabange akaweka kiganja kifuani, akasikiliza, akasema, "Ya ule mutu inapiga bien kuliko yangu." Mkacheka wote wawili. Mimi nilikuuliza mwenye moyo huo ni nani, ukasema hujui, ni mtu aliyetoa damu akaenda zake. Hapo ndipo ungeweza kusema, Kyungu. Watu wote walikuwa kimya wakitazama. Ungesema: hiki hakiingii kifuani mwa mtu, hakina mishipa, hakina vyumba, hakisukumi hata tone la damu. Hukusema. Uliona jinsi uso wake ulivyong'aa, ukaogopa kuuzima.

Leo wakati wa chakula ulipata nafasi nyingine. Banze alipouliza kile kipande cha ubongo kinawaza mawazo ya nani, na kama kinakumbuka madeni ya mwenyewe, na Kabange akajibu, "Ya kwangu musitengeneze bongo, itaomba bière mu labo," ulicheka mpaka machozi. Ukamweleza mzee vizuri sana kwamba hakiwazi, ni kama punje tu, ni cha kutazama jinsi ugonjwa au dawa vinavyofanya kazi. Kwa ubongo ulikuwa mkweli kabisa. Kwa moyo ukainama ukaokota mifupa ya samaki.

Najua utaniambia nini. Utasema mtu hawezi kumkatalia Baba Mukubwa na pemba kwenye paji la uso. Ni kweli, na heshima hiyo tuliwatia sisi. Tuliwafundisha kuinamisha kichwa mbele ya wakubwa, hatukuwafundisha la kufanya pale mkubwa anapokosea na maisha ya mtu yamo humo. Hilo nalo linanichoma. Lakini wahenga walisema ahadi ni deni, na deni hili atakayelilipa siyo wewe wala Banze. Ni yule anayeficha vidonge kwenye vifungo.

Tena kuna jambo la damu. Ulisema ukishafika, na wakubwa wa maabara wakikubali, mtaomba damu ya Kabange ili vipande viwe vyake mwenyewe. Yeye amekwisha kukunja mkono wa shati, kila siku anauliza lini. Sasa sikiliza. Akikupa damu huku anaamini utamrudishia moyo, hajakupa, umemwibia. Sijui kule wanaandikisha watu karatasi gani, na lazima ziko, lakini hakuna karatasi itakayosafisha jambo hilo. Ndugu yako angekupa hata akijua kwamba hapati kitu. Wewe unamjua. Ndiyo maana inaniudhi kwamba hukuamini anaweza kuubeba ukweli.

Na ukweli wenyewe siyo mweusi wote. Ulinieleza: labda vipande vitaonyesha dawa ipi itamwachia ini lake. Labda itachukua miaka. Labda havitaonyesha kitu, kwa maana kipande siyo mwili. Labda jibu litamfaa mtu mwingine kabisa, ambaye hatutamjua kama yeye asivyotujua sisi, yule wa kwenye video. Mimi nimekubali labda hizo zote. Kitu ambacho sikubali ni wewe ukae kule ukivilisha vipande vyake kwa uvumilivu, usiku na mchana, huku kitambaa chenyewe hapa Kamalondo kinaoza kwa sababu mwenyewe anangoja. Kipande kizuri kitamfaa nani hapo?

Naogopa, mwanangu. Nimeandika "nimekasirika" mara nyingi humu na mama yako akisoma atasema huyu mzee anaogopa tu. Ni kweli. Naogopa kupigiwa simu, na naogopa zaidi kukupigia wewe.

Nilitaka niwaite leo wote wawili, niseme mara moja kama siku zote. Lakini uani kumejaa, na Banze angetia neno, na Kabange angetia mzaha, na mzaha wa Kabange unaujua, ukiingia kwenye maneno hayatoki tena. Nikawaza nikuandikie wewe tu, wewe utamwambia ukiona inafaa. Nikaanza hivyo. Nilipofika pale kwenye sheria ya mapasa kalamu ikanigomea.

Ndiyo maana mkono unaniuma. Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Moja ina jina lako juu, nyingine ina jina lake, na zaidi ya hapo hakuna tofauti. Hata mahali nilipokusema vibaya, Kabange, wewe na vidonge vyako, nimeacha vile vile, usije ukasema baba alikuficha. Hii sikugawanya nusu-nusu. Kila mmoja amepata nzima.

Basi sasa unaposoma yuko hapo karibu nawe, amekaa juu ya begi lake lisilosafiri, anasoma mstari huu huu. Mimi na mama yako tumejitenga kidogo, tuko pale kwa wauza mikate, na Banze nimemshika mkono asije huko. Basi halijajaa. Mama yako anasema nisiwaamrishe, mmekua, kwa hiyo siwaamrishi. Nawaambia tu vitu vilipo. Dawa iko kwenye mfuko wa pembeni wa begi la Kabange. Maji ya kumezea yamo kwenye mfuko kama huo huo, wa begi la Kyungu.

Baba yenu,
Shamapasa